Ngoma ya Sikio Langu

Jumatatu, 2 Machi 1942. Frere Town.
Mudiri, mtawala wetu wa hapa, katangaza. Vijana wote tupimwe Jumatatu ijayo, wazima waende jeshini. Siendi. Baada ya Pasaka namuoa Kanze. Gershom, dresa wa zahanati, kanionyesha picha ya sikio. Sauti hugonga ngoma. Ngoma hutikisa vifupi vitatu: nyundo, fuawe na kikuku. Navyo hutikisa maji ndani ya kitu kama konokono, ndipo mtu akasikia. Ngoma ikiharibika, kwisha. Rafiki wa kweli, Gershom. Kuanzia kesho mimi, Fondo, ni kiziwi.

Jumatano, 4 Machi.
Mama kalia sana. Gershom kamwambia ngoma ya sikio imelegea. Kosa kubwa kumwambia hivyo binti wa mpiga ngoma. Kwao Kaloleni ngoma ikilegea huoteshwa moto. Mama kamwita Mjomba Tsuma, wakanilaza sikio likielekea mekoni. Nilistahimili mpaka nikapiga ukelele. Mjomba akafurahi, akasema ngozi imeanza kukaza. Kisha akanigonga sikio kwa vidole viwili, asikilize mlio. Sikio limevimba. Nawachukia wote wawili.

Jumamosi, 7 Machi.
Sikio halilali na njaa. Langu leo limevimbiwa.
Kanze kaja na shangazi yake kunipa pole. Wakakaa mbele yangu, wakaongea kana kwamba mimi ni kinu. Shangazi kasema uchumba huu uvunjwe. Kasema pia dresa amekuja kwao kuuliza mara mbili wiki hii. Bila shaka aliulizia hali yangu. Kanze akasema Fondo ni mwongo na mvivu, hilo alilijua, ila alikuwa na jema moja: alikuwa msikivu. Sasa kabaki na nini?
Ilinichoma kuliko makaa ya Mama. Ningejibu, jeshini. Nikatabasamu, nikawapungia mkono.

Jumatatu, 9 Machi.
Daktari kaja na chuma chenye meno mawili. Kakigonga, kakiweka karibu na sikio. Kinavuma. Nikatikisa kichwa. Kakiweka kwenye mfupa nyuma ya sikio. Bado kinavuma. Nikatikisa kichwa kwa nguvu. Daktari akacheka. Gershom akanifasiria: ngoma ikiharibika, mfupa bado hupeleka sauti hadi kwenye konokono. Mwenye ngoma mbovu angekisikia. Kasema hilo alisahau kunieleza. Mimi ni mzima kabisa. Lori la jeshi linaondoka Ijumaa.
Nilikimbia kwa Kanze kumwambia nasikia. Akauliza kama Jumamosi nilisikia. Nikasema ndiyo, yote, hata la msikivu. Akauliza basi kwa nini sikusema neno. Akaingia ndani, akafunga mlango taratibu. Hata komeo nililisikia.

Jumatano, 11 Machi.
Gershom kaja kuniaga, kavaa kanzu mpya. Yuko njiani kwenda kwao Kanze. Huruma gani hiyo, kwenda kumliwaza kwa niaba yangu. Kabla hajaondoka nilimwomba picha ya jicho, maana nimesikia huko jeshini watapima tena. Kakubali kwa moyo mmoja. Kasema kipofu hawezi kupelekwa popote.
Mama kanung'unika kuwa sikio la kufa halisikii dawa. Mama hajui kitu. Safari hii ni jicho.