Miaka Tisa Ndani ya Boksi

Jumatatu, 6 Mei

Tangazo limebandikwa! Nafasi ya mkuu wa stoo ya ofisi yetu iko wazi, usaili Alhamisi. Waombaji ni wawili tu: mimi na Mrefu, mwenzangu wa meza ya pili, ambaye viatu vyake vimechakaa hadi vinaelekea kustaafu kabla yake. Nimecheka moyoni. Mimi ninavyo viatu! Vyeusi, soli nene na laini. Nilivinunua miaka tisa iliyopita na sijavitia mguu. Harusi ya mdogo wangu niliona haijafikia hadhi ya viatu hivyo. Alhamisi imefikia.

Mke wangu ameuliza anayesailiwa ni mimi au viatu. Mtu mwenye mipango hajibu kila kitu.

Jumanne, 7 Mei

Nimeshusha boksi kutoka juu ya kabati, lile lililoegemea ukuta wa bafuni. Vinang'aa! Kiharufu cha unyevu, basi. Nimebonyeza soli, kidole kikaacha shimo. Ulaini wa ajabu.

Jioni alikuja shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, mwalimu wa kemia. Kavigeuza, kavinusa. "Shemeji, pole. Hivi vimeshakufa." Kisha somo likaanza, na chakula mezani. Kanilazimisha kutafuna kipande cha mkate mkavu bila kumeza, hadi kikaanza kuwa kitamu. Kasema wanga ni mnyororo mrefu wa sukari. Mate husaidia maji kuingia kwenye maungio na kuukata vipande vidogo, ndio utamu huo. Soli nayo ni mnyororo mrefu, polima. Mvuke wa bafuni umekuwa ukiingia boksini miaka yote tisa, ukikata pingili moja moja. Hidrolisisi, ndivyo alivyoiita. Eti ningevivaa vingepata hewa, na angalau ningevifaidi kabla havijaoza.

Nikamwambia mimi sijavitafuna viatu vyangu. Mke wangu alicheka hadi akaweka kijiko chini. Husuda ya kifamilia, hakuna kingine.

Jumatano, 8 Mei

Jaribio la siri. Nimevivaa kutoka kitandani hadi dirishani. Makombo meusi sakafuni! Nikawasingizia sisimizi. Mke wangu kayatazama makombo, kanitazama mimi, kaniletea ufagio. Ni afadhali angesema.

Gundi, chupa tatu. Imeshika vizuri mno. Imeshika makombo, imeshika gazeti, imeshika kidole gumba changu kwenye gazeti. Nikampigia simu shemeji. Kasema gundi haiwezi kuunga minyororo iliyokwisha kukatika, ni kama kutaka kushona unga. Kanishauri niende na viatu vyangu vya kila siku.

Kila siku! Kwenye usaili! Nimevipaka vile vya boksini dawa ya viatu. Vinang'aa kuliko jana.

Alhamisi, 9 Mei

Mpango ulikuwa kupunguza hatua. Nimekwenda kazini na ndala, viatu kwenye mfuko. Nimebadilisha ngazini na kuficha ndala nyuma ya pipa la taka. Kutoka ngazini hadi mlango wa usaili ni hatua ishirini na mbili. Nimezipiga kwa vidole vya miguu, kama mwizi.

Ndani, Mama Mkurugenzi na wenzake wawili. Kauliza nina ushahidi gani kwamba naweza kutunza mali ya ofisi. Jibu nilikuwa nalo tayari! "Mama, viatu hivi nimevitunza miaka tisa bila kuvitumia." Nikainua mguu wa kulia wavione.

Mguu uliinuka. Soli ilibaki sakafuni.

Nikashusha mguu haraka, nikakanyaga kwa nguvu kwa mguu wa kushoto, soli yake nayo ikavunjika kama biskuti. Mama Mkurugenzi kavua miwani, kauliza kwa upole kama glovu na mabuti ya stoo nayo nitayatunza hivyo hivyo. Nikajibu ndiyo. Ndiyo! Mdomo huu!

Nikatoka, akaingia Mrefu. Mlango ulikuwa wazi, sikutega sikio. Kasema kinachoingia stoo kwanza kitoke kwanza, kisizeekee rafuni. Nikasikia wakisema vizuri, vizuri.

Mfagiaji alinifuata korido nzima na ufagio. Kasema amefagia matope, amefagia mchanga, lakini mtu anayemwagika ndio kwanza anamwona. Pipa la taka alikuwa ameshalimwaga, na ndala zangu pia.

Nilikaa mezani na soksi hadi jioni, sitaki kuinua macho. Mrefu akaja na kandambili zake za akiba. "Kaka, vaa hizi. Huko nje kuna kokoto." Nilitaka kumchukia. Nimejitahidi njia nzima, nimeshindwa.

Ijumaa, 10 Mei

Mrefu ndiye mkuu wa stoo. Ameomba niwe msaidizi wake. Kasema mtu aliyeaibika mbele ya watu hivyo hawezi tena kusahau kukagua rafu. Nimekubali, roho ikiniuma. Mke wangu amenipa kipande kikubwa cha kuku, na neno viatu hajalitaja. Nimeguswa.

Jumapili, 12 Mei

Mke wangu ameninunulia koti la mvua! Zuri, linateleza, lina mfuko wa ndani. Shemeji kalipapasa, kasema bitana yake ni jamaa moja na zile soli, kwa hiyo nilivae, nilianike, nisilifungie mahali. Nimeahidi mbele ya wote wawili. Nimeelewa kabisa.

Saa kumi mvua ikaanza, nikatumwa dukani kununua chumvi. Nimefika nalo mlangoni, nikalitazama. Koti kama hili, lilowe? Nimelikunja taratibu, nikalitia kwenye mifuko miwili ya plastiki, nikafunga fundo, nikalisukuma uvunguni mwa kitanda.

Nimerudi nimelowa chapachapa, chumvi imeyeyukia mkononi. Lakini koti! Halijapata hata tone.