Injinia Wabwile na Pikipiki Inayotapika

Kuna watu wakiamka humshukuru Mungu kwa afya na uji wa moto. Wabwile wa Bumula, ambaye mjini Kitale alijulikana kama Injinia, alimshukuru kwa stendi ya pembeni ya pikipiki. Bila stendi hiyo angelazimika kufanya kazi kama binadamu wengine.

Elimu yake yote ilikuwa hii. Pikipiki ikiegemea stendi ya pembeni hulala kidogo, na oili iliyo tumboni mwa injini huhamia upande mmoja. Ukichomoa kijiti cha kupimia, utaapa kwamba oili imeshuka, hata kama iko sawasawa. Hapo Wabwile alitikisa kichwa kwa huzuni, akachukua jerikeni lake dogo na kummiminia mwenye pikipiki oili ya bure. Aliita jambo hilo huduma kwa jamii. Mwenye pikipiki aliondoka akimwombea baraka, lakini kabla hajafika mbali oili iliyozidi ilipanda na kutokea kwenye bridha, ule mpira mdogo ambao injini hupumulia. Ikadondokea ekzosi, lile bomba la moto la kutolea moshi, moshi ukafuka, na watoto barabarani wakaanza kupiga kelele. Pikipiki za zamani ndizo zilizotapika vizuri zaidi.

Basi mtu alirudi mbio kwa Injinia huku jasho linamtiririka, na Injinia alimpasulia habari za msiba: ringi za pistoni zimekwisha, injini ni maiti. Kisha, kwa kuwa alikuwa na roho ya huruma, alijitolea kuichukua maiti kwa bei ya chuma kikuukuu. Jioni aliisimamisha wima, akapunguza oili, maiti ikafufuka. Kwa alivyojua yeye, hakuna aliyewahi kumshuku, maana nani atamshtaki mtu aliyemwekea oili bure?

Asubuhi moja ya soko, Wabwile akiwa ameketi juu ya pikipiki yake mpya, ambayo kiti chake kilikuwa bado kimevikwa plastiki ya dukani, aliona kitu kilichomfanya ateme muwa aliokuwa akitafuna. Ilikuwa pikipiki ya Kijapani, nyekundu, ya miaka ile ya themanini, taa ya mviringo na tangi la chuma linalong'aa. Juu yake alikuwa mama wa makamo kutoka mji mdogo wa Kwanza, mitungi ya maziwa ikining'inia pande zote mbili. Kwenye madigadi, bati la juu ya gurudumu la nyuma, paliandikwa kwa rangi maneno haya: MAZIWA FRESHI, MAMA CIRU, na namba ya simu chini yake.

Wabwile alimkumbuka mnunuzi. Kule Bungoma kulikuwa na mwenye duka la simenti na mabati, Mohamud, ambaye alikuwa akiitafuta pikipiki ya aina hiyohiyo kila pembe kwa sababu marehemu baba yake aliendesha moja. Alikuwa amemwambia Wabwile kwamba akiipata nzima hatabishana bei. Sharti lake lilikuwa moja tu, isiangushe hata tone la oili kwenye uwanja wake, kwa sababu alikuwa ameutandika tailizi nyeupe na alizipenda kuliko ndugu zake kadhaa.

"Mathe, habari ya asubuhi," Wabwile alisema, tayari ameshika jerikeni. "Hii oili uliangalia lini?"

"Oili?" Mama Ciru alicheka. "Mimi naangalia maziwa, mwanangu."

"Ai, mathe! Hii mzee ya pikipiki si inataka heshima?" Akaiegemeza kwenye stendi ya pembeni, akachomoa kijiti. Kilikuwa kikavu kama ulimi wa mtu aliyefunga. "Ona sasa. Ona! Mungu amekuleta kwangu."

"Na hiyo oili ni ya kununua?"

"Ya bure. Mimi nasaidia wamama."

Akamimina, akamimina tena, mpaka jerikeni likaanza kulia. Mama Ciru alimwita mtoto wa baraka, akawasha na kwenda kusambaza maziwa. Wabwile alikaa kumngoja. Alingoja bila wasiwasi wowote.

Mama Ciru hakuchelewa. Pikipiki ilirudi imevikwa moshi wa buluu, na oili nyeusi ilikuwa ikitiririka kutoka kwenye ule mpira hadi kwenye viatu vya mwenyewe.

"Injinia! Kuja uone, hii kitu inatapika!"

Wabwile alipiga magoti. Aliweka sikio kwenye injini, akafumba macho, akavuta pumzi ndefu. Kama kungekuwa na kwaya karibu, ingeimba.

"Mathe, kaa chini kwanza."

"Sema tu, mwanangu."

"Ringi zimeisha. Moshi ya ndani inapita kando ya pistoni, inaingia kwa tumbo ya injini, inasukuma oili itoke kwa bridha."

"Ringi zote?"

"Zote. Hata ukiweka mpya zitaisha tu, silinda nayo imelika kabisa."

Mama Ciru alifunika uso kwa kitambaa cha kichwa. Mabega yakaanza kutikisika. Wabwile, ambaye hakuwa mtu mbaya sana ila alikuwa mbaya vya kutosha, alihisi uchungu kidogo, akaumeza.

"Usilie, mathe. Mimi nitainunua kama chuma, nikusaidie."

"Sitaki pesa," alisema Mama Ciru kutoka ndani ya kitambaa. "Pesa ikiingia kwangu, watoto wananusa. Nataka kitu ya kubeba maziwa. Ng'ombe haijui mambo ya ringi, kesho itakamuliwa tu." Akainua jicho moja na kuitazama pikipiki ya Wabwile. "Kitu kama hii yako."

Wabwile alicheka mpaka akakohoa. "Mathe! Hii na hiyo maiti?"

"Sawa, mwanangu. Nilikuwa nauliza tu. Wacha niite fundi mwingine aangalie, labda..."

"Hapana!" Wabwile aliruka. Fundi mwingine angeisimamisha wima, apime oili, aone imezidi, na hadithi ingeishia hapo. "Mafundi wa hii mji ni wezi, mathe. Watakumaliza."

Akaitazama pikipiki yake aliyoipata kwa jasho la watu wengi. Akamkumbuka Mohamud na neno lake la kutobishana bei. Kwa bei hiyo angenunua mpya na ya pili juu yake. Tamaa ilimshika mkono mmoja na haraka ikamshika wa pili, na mtu akishikwa hivyo hana mkono wa kujikunia kichwa.

"Haya," alisema. "Kwa sababu ya watoto."

Kwenye steji yao ya bodaboda pikipiki haikubadilishwa kienyeji. Watu walikuwa wamepigana mno huko nyuma, huyu akidai ameuziwa mbovu, yule akidai amesingiziwa, hadi mwenyekiti Kipketer akaweka sheria: anayetoa pikipiki hutaja ubovu wake kwa sauti mbele ya wanastejini, anayepokea huitikia, na baada ya hapo hakuna kurudi. Aliyekwenda kinyume aliadhibiwa na steji nzima, na steji hiyo ilikuwa na vijana wenye afya.

"Mama, taja ubovu wa yako," Kipketer alisema, wanabodaboda wakiwa wamemzunguka.

"Mimi ni mtu wa ng'ombe, mwenyekiti. Injini sijui. Wacha Injinia aseme, yeye ndiye ameipima."

Wabwile alipenda sana jambo hilo. Kadiri ubovu unavyotajwa kwa sauti, ndivyo mama atakavyoshindwa kuidai baadaye akiiona imefufuka. Akapanda juu ya tairi kuukuu.

"Ringi zimeisha!" akatangaza. "Oili inatokea kwa bridha! Hii ni injini ya kufa, wasee, nachukua tu kwa huruma!"

"Unaichukua vile iko?" Kipketer akauliza.

"Vile iko."

"Na yako ina ubovu gani?"

Wabwile alitafuta kasoro ya kutaja, akakosa. "Iko poa," alisema, na hakika ilikuwa poa.

Mama Ciru alifunga mitungi yake, kisha akaibandua plastiki yote ya kiti kwa mkupuo mmoja. "Inateleza," alieleza, akaondoka. Sauti ile ya plastiki ilimuuma Wabwile kuliko alivyotarajia.

Alisukuma hazina yake hadi nyuma ya kituo cha petroli, akaisimamisha wima juu ya stendi ya katikati na kuchomoa kijiti ili apunguze ile oili iliyozidi. Akatazama. Akakipangusa kwa shati, akapima upya.

Oili ilikuwa katikati ya alama. Haikuzidi hata kidogo.

Ilikuwa na maana kwamba asubuhi pikipiki ilikuwa karibu tupu kweli, na jerikeni lake zima lilikuwa limeijaza tu ikafika inapotakiwa. Mwenye akili angejiuliza ile oili nyingine ilikuwa ikienda wapi siku zote. Wabwile akajiambia kwamba ni mpira wa bridha tu umebanwa mahali, akashika barabara ya Bungoma.

Kabla ya Kiminini mguu wake wa suruali ulikuwa umelowa hadi gotini. Akasimama kando ya shamba la mahindi yaliyokwisha kuvunwa na kufanya yale ambayo angepaswa kuyafanya Kitale. Akachomoa mpira wa bridha, akaupuliza: safi. Akatazama kama umekunjwa au umeyeyuka: mzima. Uoga ukaanza kumpanda. Akaacha injini ikinguruma, akafungua kifuniko cha kuwekea oili na kutandaza kiganja juu ya tundu.

Puu, puu, puu. Pumzi ya moto ilimpiga kiganjani kama mvuke wa sufuria ya githeri. Injini yenye afya haipumui hivyo. Pumzi hiyo ina maana moja tu, nayo Wabwile alikuwa ameitangaza asubuhi hiyohiyo akiwa juu ya tairi.

Ringi zilikuwa zimekwisha.

Aliketi chini mavumbini. Alikuwa amesema kweli! Tangu aingie katika ufundi hakuwahi kumwambia mteja ukweli, na siku ulipomtoka kwa bahati mbaya, mtu pekee asiyeuamini alikuwa yeye. Kurudi Kitale hakungewezekana, kwa sababu ya sheria ya Kipketer na afya ya vijana wake. Pikipiki yake, mkate wake, ilikuwa Kwanza ikibeba maziwa. Lililobaki lilikuwa Mohamud.

Basi akaokota gunzi la hindi shambani, akajikokota hadi karibu na Bungoma, na huko akapunguza oili mpaka ikabaki ya kulamba. Akaiosha pikipiki kwenye mtaro. Halafu akalichonga lile gunzi kwa kisu na kuliziba nalo tundu la mpira wa bridha, akaligongomea kwa jiwe. Kila fundi anajua kwamba injini ikizibwa pua italipiza kisasi. Wabwile alijua pia, lakini alihitaji dakika chache tu za adabu juu ya tailizi.

Akaingia Bungoma kwa mwendo wa bibi harusi. Mohamud alitoka dukani, akaiona, na macho yakamlengalenga papo hapo.

"Wallahi, ni kama ya baba," alisema, akiligusa tangi. "Na haidondoshi?"

"Mzee, hii ni kavu kama biskuti."

"Haya, piga resi kidogo nisikie sauti yake."

"Resi? Mzee, sauti yake iko sawa hata hivi..."

"Piga, bana! Baba alikuwa akiipigisha resi tukiwa bado tumelala."

Wabwile alizungusha mkono wa usukani kidogo. Mohamud akaonyesha kwa kidole: zaidi. Akazungusha zaidi. Ndani ya injini kitu kilivimba, kikaguna, na lile gunzi likafyatuka kwa mlio wa bunduki, likapiga tangi la maji ukutani, tang'! Oili ilifuata nyuma. Ilichora mstari mweusi mrefu kwenye tailizi nyeupe, kutoka gurudumu la nyuma hadi mlango wa duka.

Wapakuaji simenti waliacha kazi. Mohamud aliliokota gunzi, akaligeuzageuza. Kisha akaisoma namba kwenye madigadi, akatoa simu, akaipiga na kuweka sauti ya nje.

"Mama Ciru? Nimeletewa pikipiki yako ya zamani hapa Bungoma. Inatoa oili. Shida ni nini?"

"Ringi zimeisha, baba," ilijibu sauti tulivu. "Kuna fundi aliipima mbele ya steji yote. Wanamwita Injinia."

Mohamud alimgeukia Wabwile polepole. "Injinia. Shemeji yangu Nasir alipita Kitale safarini. Fundi fulani alimwambia injini yake imekufa, akauza kama chuma, kesho yake akaiona inakimbia sokoni. Hajui jina la huyo fundi, lakini anamtafuta mpaka leo, yeye na ndugu zake. Unamjua Injinia?"

"Namjua... kidogo."

"Basi niambie. Kama ni mwongo, ringi ziko sawa, nanunua hii pikipiki saa hii na nampigia Nasir. Kama ni mkweli, hii ni chuma, utaitoa kwangu baada ya kupangusa tailizi. Huyo fundi ni mtu wa namna gani?"

Wabwile alitazama pikipiki. Alitazama simu. Alitazama wapakuaji simenti, ambao walikuwa wamesogea kwenye geti ili wasikie vizuri.

"Ni mkweli," alisema. "Yule jamaa hajawahi kudanganya mtu."

"Amina!" Mama Ciru aliitikia kwenye simu. "Mafundi wote wa Kitale waliniambia hivyohivyo juu ya hizo ringi, lakini wengine walitaka niwalipe. Ni yeye tu alinipa pikipiki. Mwambie akirudi apitie Kwanza, jirani yangu ana jenereta inatoa oili."

Wabwile akavua shati, akapiga magoti na kuanza kupangusa.