Matairi Yenye Uzoefu

Ilitangazwa kwa waraka wa kurasa kumi na nne, uliosomwa kwenye kipaza sauti ingawa wasikilizaji walikuwa sita, kwamba Idara ya Huduma Zinazotembea imepiga hatua ya kihistoria: imebaini kuwa tela lake halitembei.

Tela lenyewe lilikuwa kitu cha kujivunia. Lilikuwa nyumba ndogo nyeupe juu ya matairi manne, yenye kitanda cha daktari, jiko la kuchemshia vyombo, sinki, na kiti cha mgonjwa kinacholazwa nyuma. Kazi yake ilikuwa kukokotwa mpaka vijiji vya mbali, ili daktari wa macho awatibu wasioweza kufika mjini. Kwa miaka mitatu lilikuwa likiifanya kazi hiyo likiwa limesimama nyuma ya ofisi, na kuku wakitaga chini yake. Kila robo mwaka taarifa ilisema huduma inaendelea kusogezwa kwa wananchi. Matairi mawili hayakuwa na upepo kabisa, na mengine mawili yalikuwa nao kwa sababu hakuna aliyethubutu kuyagusa.

Dereva wa tela aliitwa Honi, kwa sababu katika miaka kumi na moja ya kazi hakuna aliyewahi kumsikia akiipiga. Alikuwa mtu wa pole, asiyependa makuu. Lakini safari hii alikuwa na haraka, na haraka hiyo ilitoka kwa mama mkwe.

Mama mkwe alikuwa fundi cherehani wa kijiji cha mwisho kwenye orodha ya tela. Kwa miaka arobaini alikuwa amewavisha watu wa huko, kuanzia sare za shule mpaka suti za harusi, hadi mtoto wa jicho alipomfunika macho yote mawili. Hakuacha kushona. Alishona kwa kupapasa, na waliopapasiwa waliyaona matokeo. Mwezi uliopita alimtumia mkwe wake shati jipya, zuri, la mistari, lenye mfuko mgongoni. Zawadi ya mama mkwe hairudishwi. Honi alilivaa kazini, na kila alipohitaji kalamu alipeleka mkono nyuma kama anayejikuna.

Kila Jumamosi asubuhi mama mkwe alipiga simu.

"Mkwe wangu, hamjambo huko?"

"Hatujambo, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Matairi yamepatikana?"

"Yanashughulikiwa, mama."

"Haya. Shati linakukaaje?"

"Limenikaa vizuri sana, mama."

Daktari wa macho alikuwa mmoja tu, naye mwisho wa mwezi alikuwa anahamishwa. Zilibaki wiki tatu. Honi alizihesabu kwa vidole, na vidole vikamtosha. Hilo lilimtia hofu ya kweli.

Bahati nzuri Idara haikulala. Iliundwa Kamati ya Uteuzi wa Matairi, wajumbe saba, na kwa kuepuka upendeleo hakuteuliwa yeyote aliyewahi kuendesha gari. Mwenyekiti alikuwa Mkurugenzi mwenyewe, mtu wa miaka thelathini na mmoja kazini, ambaye kiti chake kilikuwa kimechimba mashimo manne sakafuni. Honi aliitwa kama mtaalamu, akapewa benchi karibu na mlango.

Matairi manane yalikuwa yamepangwa ukutani. Manne yaliletwa na muuzaji, meusi, yananukia kiwanda. Manne yalitoka stoo ya Idara, ambako yalikaa miaka tisa bila kugusa lami. Meno yake yalikuwa mazima kabisa, lakini ubavuni yalikuwa na nyufa kama kisigino kisichojua mafuta.

"Tuanze na waombaji wa ndani," alisema Mkurugenzi. "Mtaalamu, hizi namba nne ubavuni ni za nini?"

Honi alisimama. "Ni wiki na mwaka lilipotengenezwa, Mheshimiwa. Hizo ndizo za kuangalia kwanza. Haya ya stoo yana miaka tisa."

Wajumbe walitazamana kwa heshima.

"Miaka tisa," alirudia Mkurugenzi. "Na haya mengine?"

"Miezi miwili."

"Miezi miwili! Na yanataka kubeba mali ya umma?"

Katibu wa Kamati, kijana mwenye mwandiko mzuri na shingo iliyozoea kuitikia, aliandika: tarehe ya kuajiriwa mara ya kwanza, miaka tisa. Katika safu ya matairi mapya aliandika: hawana uzoefu.

"Mheshimiwa," alisema Honi, "tairi si mtumishi. Likikaa linazeeka ndani hata kama halijatembea. Na tela letu ni zito, tani mbili na nusu likiwa na vifaa. Tutazame umri, tutazame na uzito ambao kila tairi linaruhusiwa kubeba, umeandikwa hapa…"

"Uzito utazingatiwa," alisema Mkurugenzi. "Mkubwa ndiye mwenye uzito."

Usaili uliendelea kwa haki. Kila tairi liliulizwa swali lilelile: linajionaje baada ya miaka mitano. Matairi ya stoo yalikaa kimya, na Kamati ikachukulia kimya hicho kuwa ni busara. Matairi mapya nayo yalikaa kimya, ikaonekana hayajiamini. Jambo la nidhamu lilipojadiliwa, tairi moja jipya lilianguka na kubingirika hadi kwenye mguu wa mjumbe wa uhasibu. Likapoteza alama kumi.

Saa nane mchana uamuzi ulitolewa. Matairi ya stoo yameteuliwa. Matairi mapya yatakaa chini ya uangalizi miaka mitatu.

"Yatapasuka njiani," alisema Honi.

"Kamati inamshukuru dereva kwa maoni yake," alisema Mkurugenzi, na Katibu akayaandika maoni hayo mahali panapostahili, yaani pembeni.

Honi alirudi nyumbani mnyonge. Mkewe alikuwa jikoni akichambua mchele, na alijua mambo kabla hajaambiwa, kwa jinsi mume alivyovua viatu.

"Wamechagua yale ya zamani?"

"Wamechagua. Yana miaka tisa, wanasema ni wazoefu. Mapya hayajui kazi."

"Na mama yangu?"

Mwanamke alipepeta mchele kidogo, akatoa jiwe, akalitazama kana kwamba analijua.

"Hebu nikuulize, baba watoto. Mtu akiajiriwa leo pale kwenu, hana mjomba mkubwa wala shangazi mkubwa, mnampangia wapi?"

"Mbali. Kule simu inakoshika ukipanda juu ya tangi la maji."

"Na wale wa zamani?"

"Wanabaki makao makuu."

"Haya," alisema mkewe, akaweka sufuria motoni.

Honi alitafuta karatasi. Kisha akapeleka mkono mgongoni, akatoa kalamu.

Barua yake ilikuwa fupi, na kwa mara ya kwanza maishani aliiandika kama wao. Alieleza kwamba kwa kuwa matairi mapya hayana uzoefu, na kwa kuwa ni utaratibu wa Idara watumishi wapya waanzie vijijini wakajifunze maisha, anapendekeza kwa unyenyekevu yafungwe kwenye tela. Matairi makongwe yabaki makao makuu, kulingana na hadhi yake. Alitumaini yangerudi stoo, yakae miaka tisa mingine, asiumie mtu.

Mkurugenzi aliisoma mara mbili. Machozi yalimlengalenga.

"Honi, kumbe una kichwa! Tulikuwa tunakosea. Mtumishi wa miaka tisa tumpeleke porini? Na hawa vitoto wabaki mjini wanakula kiyoyozi?" Akagonga meza. "Vitoto viende! Ila kuna dosari moja. Umesema makao makuu, hukusema kazi gani. Hatuwezi kumrudisha mkongwe stoo kama fagio. Yafungwe kwenye gari langu."

Honi alipiga hatua mbele. "Hapana, Mheshimiwa."

"Ringi hazilingani?"

"Zinalingana, lakini…"

"Basi."

"Mheshimiwa, nakuomba. Yale matairi yamekufa. Mpira ukikaa miaka mingi mahali pamoja, hauendi popote, haufanyi chochote, unaoza ndani. Kwa nje utauona unang'aa."

Mkurugenzi alisogea, na kiti kikabaki katika mashimo yake.

"Unamsema nani?"

"Mpira, Mheshimiwa."

"Iandikwe," Mkurugenzi alimwambia Katibu, "dereva ameonywa kuhusu lugha."

Ikaandikwa. Matairi mapya yakafungwa kwenye tela, na yale makongwe, yakiwa yamepakwa rangi nyeusi ili kulinda heshima, yakafungwa kwenye gari refu la Mkurugenzi. Honi alimvuta kando dereva wa gari hilo. "Ndugu yangu, nenda kama umebeba mayai. Usivuke mwendo wa baiskeli." Mwenzake, ambaye alikuwa na watoto wanne, akamwahidi.

Siku ya safari zilikuwa zimebaki siku tano daktari ahame. Mkurugenzi aliamua kuongoza msafara mwenyewe ili akazindue huduma kijijini. Utepe mwekundu ulifungwa mlangoni mwa tela tangu ofisini, na mkasi mpya aliutia mfukoni mwa koti. Wafanyakazi walipanga mistari miwili kwenye geti.

Gari lilipopanda tuta la getini ukasikika mlio mkubwa. Watu walidhani ni fataki za sherehe, wakapiga makofi. Mkurugenzi alipunga mkono. Gari likakaa upande mmoja kama mtu anayesikiliza umbea.

Walifunga tairi la akiba, wakaendelea kwa mwendo wa mayai. Kwenye kona ya kituo cha mafuta likaenda la pili, safari hii kwa sauti ndogo, kama mtu anayeomba ruhusa. La akiba la pili halikuwepo. Gari refu likasimama katikati ya barabara, pikapu ya Honi iliyokokota tela nyuma yake, na nyuma ya tela nusu ya mji.

Honi alitazama saa. Alimtazama daktari aliyekaa karibu naye, akamfikiria mama mkwe aliyevaa nguo nzuri tangu alfajiri. Akapiga honi. Aliipiga ndefu, ya miaka kumi na moja.

Mkurugenzi alishuka, akalizunguka gari mara mbili. Katibu na dereva wakalisukuma gari pembeni, wakaachwa kulisimamia. Mbele ya pikapu ya Honi palijaa, daktari na muuguzi, hivyo Mkurugenzi akapanda nyuma, akakaa juu ya sanduku la dawa ya macho. Walikwenda mwendo wa saa sita, lami ikaisha, yakaja makorongo, mawe na tope. Matairi yasiyo na uzoefu yaliyapita yote bila kuuliza swali.

Kijijini watu hamsini na saba walikuwa kwenye mstari. Mbele kabisa, juu ya kigoda, alikaa mama mkwe, fimbo mapajani. Mkurugenzi alishuka akiwa mweupe kwa vumbi kuanzia kope hadi viatu, akashika mkasi, akaelekea mlango wa tela. Fimbo ikamzuia kifuani.

"Nani anapita?"

"Mkurugenzi."

"Unaumwa macho?"

"Siumwi. Nimekuja kuzindua."

"Umeanza kusubiri lini?"

"Nimefika sasa hivi, mama."

"Mimi nina miaka miwili na miezi mitatu. Anayenifuata ana miwili kasoro wiki. Wewe hata saa moja huna." Alisema kwa upole, kama anavyofundishwa mgeni. "Hapa tunakwenda kwa uzoefu, mwanangu. Nenda nyuma."

Mkurugenzi alimtazama Honi. Honi aliyatazama matairi.

"Ndiyo utaratibu wetu, Mheshimiwa," alisema. "Wapya waanze kwa kujifunza maisha."

Mkurugenzi akaenda nyuma, namba hamsini na nane. Mama mkwe alifungua mlango, utepe ukakatika kwa bega lake, wala hakujua kama ulikuwepo.

Daktari alimfanyia upasuaji mchana huo, akaendelea na wengine. Mkurugenzi hakuwa na gari la kumrudisha. Alilala darasani juu ya madawati mawili, na asubuhi akarudi kwenye mstari kabla hajapoteza nafasi, kwa maana kuna bibi mmoja alikuwa anaimendea.

Saa tatu bendeji ya jicho la kwanza ilifunguliwa. Mama mkwe alikaa kwenye ngazi za tela akipepesa. Aliutazama mkono wake. Alilitazama anga. Machozi yalimtoka, na Honi naye yakamtoka, akageuka upande asionekane. Ndipo mama mkwe akauona mgongo wake.

"Mkwe wangu. Nani alikushonea shati hilo?"

"Fundi mmoja, mama."

"Fundi gani anaweka mfuko mgongoni?"

"Ana uzoefu wa miaka arobaini, mama."

Mama mkwe aliupapasa mfuko ule. Kisha akaanza kucheka, akacheka hadi muuguzi akamkataza kwa ajili ya jicho. "Livue," alisema. "Livue hapahapa, aibu gani hii. Nipeni sindano. Nipeni mkasi."

Hakukuwa na mkasi wa kukatia nyuzi. Macho ya watu wote yalikwenda kwa mtu wa mwisho kwenye mstari, ambaye koti lake lilikuwa limetuna upande mmoja.

"Huo ni wa uzinduzi," alisema Mkurugenzi.

"Lete, baba. Nikimaliza mfuko nitakurudishia."

Akauleta. Mama mkwe aliujaribu kwa kidole, akaona ni mkali, mpya, haujawahi kufanya kazi. Akaanza kufumua uzi mmoja mmoja, polepole, kwa raha ya mtu anayeona anachokifanya. Mkurugenzi alisimama kidogo akisubiri kuambiwa kitu. Hakuambiwa. Akarudi nyuma ya mstari, akakuta yule bibi ameshachukua nafasi yake.