Vitufe Viwili kwa Pamoja

Jumatatu, 3 Machi

Mwalimu wa fizikia ametangaza maonyesho ya vifaa vya zamani, Ijumaa. Mshindi atakabidhiwa ufunguo wa maktaba muhula mzima. Mapumziko yote bila kelele za uwanjani! Antena, jirani yangu wa dawati, mrefu kuliko mlango, kasema ataleta simu ya kuzungusha namba kwa kidole. Akaniuliza mimi nitaleta nini, kamusi? Darasa likacheka. Nikacheka pia, yaishe.

Mpango: redio kaseti ya Bibi, na ile kaseti yake moja yenye sauti ya marehemu Babu. Antena hana marehemu kwenye simu yake.

Jumanne, 4 Machi

Bibi kakataa. Kaseti haitoki kabatini ila Ijumaa jioni, anapoisikiliza. Nikamkumbusha kwamba elimu ni haki yangu. Akanikumbusha vyombo havijaoshwa.

Mpango wa pili: kuazima bila kusumbua mtu. Kesho Bibi anakwenda kupimwa presha.

Jumatano, 5 Machi

Nimerudi mbio, nyumba tupu. Nikaweka kaseti. Vitufe sita, maandishi yote yamefutika. Simu unagusa tu. Hii nilibonyeza kitufe chenye doa jekundu, kikagoma. Nikabonyeza na cha jirani yake, viwili kwa pamoja. Vikashika. Kaseti ikazunguka. Kimya. Nikadhani Babu alikuwa mtu wa maneno machache. Nikimngoja, nikafanya mazoezi ya hotuba yangu, dakika nane.

Nikarudisha nyuma nisikilize. Ikaanza sauti yangu, ikiwakaribisha wageni waalikwa.

Nimemzika Babu mara ya pili.

Alhamisi, 6 Machi

Sikai, silali. Dirishani, kitandani, dirishani. Nimewaza kuiga sauti ya Babu, lakini yangu inapasuka katikati ya neno. Mama kauliza kama nina minyoo.

Ijumaa, 7 Machi

Sikupeleka kitu shuleni. Antena kachukua ufunguo, yeye asiyeingia maktaba hata mvua ikimnyeshea.

Jioni nikamwambia Bibi kila kitu kabla hajawasha. Akawasha hivyo hivyo, akasikiliza hotuba yangu nzima, pamoja na nilipokohoa. Nikatamani sakafu inimeze. Ndipo mwanamume akasikika, akimwita mkewe aje aone, mashine hii haishiki sauti, wameuziwa kopo.

Babu! Zimebaki dakika mbili.

Bibi akacheka mpaka akafuta machozi kwa kanga. Kumbe kaseti ile ilikuwa ya nyimbo za harusi yao. Babu alizifuta akijaribu vitufe, kama mimi. Bibi alimnunia wiki mbili. Mimi kaninunia mpaka chai ilipoiva. Kisha akaniusia: kabla sijabonyeza chochote, nijue kwanza kilichomo ndani.

Nimemwahidi. Nimeelewa kabisa.

Jumamosi, 8 Machi

Mpango mpya, salama: kuhamishia dakika mbili za Babu kwenye simu ya Mama, zisipotee tena. Mambo ya kaseti yamepitwa na wakati. Simu ikasema nafasi imejaa, ikauliza kama ifute vya zamani. Kitufe kimoja tu. Hayo ndiyo maendeleo.

Nimebonyeza. Zimeondoka video mia mbili za mtoto akitambaa. Mtoto mwenyewe ni mimi, na siku hizi natembea vizuri.

Nimemrudishia Mama simu yake. Sasa ananiita kutoka sebuleni, kwa majina yangu yote matatu. Bila shaka anataka kushukuru.