Alhamisi Tatu za Tabitha wa Kerende na Sauti ya Mkwe

Sogezeni vigoda, enyi watu wa Kerende, nanyi wa Nyangoto na Kewanja mlio na masikio. Lazeni majembe chini, tueni makarai ya mchanga wa dhahabu, msikie habari kubwa. Nusu yake naijua, kwa kuwa shujaa ni mimi. Nusu nyingine, ile ambamo shujaa alikuwa amejifunika kitenge kichwani, pamoja na mwisho wake, nilisimuliwa na Leonida, mke wa mwanangu, Ijumaa asubuhi tulipokuwa tukimenya mihogo. Alicheka mpaka kisu kikamponyoka.

Mimi ndiye Tabitha binti Heche, Mmaliza Darasa la Tatu, Mbeba Presha, Mwenye Miguu Iliyojaa kama mitungi ya kisimani. Na katika zahanati alikuwapo Faudhia, muuguzi aliyeletwa na serikali kutoka Tanga, mpole wa kauli, mkali wa macho. Yeye aliniwekea agano, akisema:

"Bibi, hiyo miguu sitaki inifuate huku kila wiki. Kila Alhamisi saa kumi jioni sauti itakupigia simu. Ni mashine, siyo mtu. Itakuuliza, utajibu kwa mdomo wako mwenyewe, mimi nitayaona majibu. Lakini ukininyamazia wiki tatu nakurudisha kwenye foleni. Presha kama yako, nisipokusikia, nitajuaje kama uko hai?"

Nikaapa. Alhamisi ya kwanza simu ikalia, nikaipokea kama mtu adakaye mkuki. Ikanena: "Shikamoo mama. Naomba kujua hali yako." Enyi watu! Ilikuwa sauti ya Machage, mume wa binti yangu Robi: nzito, ya taratibu, ya mtu anayeswaga ng'ombe bila haraka. Na kwetu mama mkwe na mkwe wa kiume hawatazamani usoni, seuze kuelezana habari za mwili. Nikaiweka simu juu ya kigoda kwa heshima zote, nikajifunika kitenge, nikatokea mlango wa nyuma, nikakaa migombani mpaka iliponyamaza. Alhamisi ya pili nilifanya vilevile, ila nilikimbia. Kuku walinipita.

"Mama, ni mashine ile," akasema Leonida. "Muuguzi si alikuambia?"

"Muuguzi hamjui Machage. Huenda amepata kazi huko."

"Machage huyu wa kulima kwa plau ya ng'ombe?"

"Kazi za siku hizi hazijulikani," nikamjibu kwa hekima yangu kubwa.

Ikawadia Alhamisi ya tatu, siku ya hukumu ya miguu yangu. Tukafanya baraza la vita. Leonida akaweka simu uani juu ya kigoda, sauti imefunguliwa yote. Mimi nikakaa ndani nyuma ya mlango, kama inavyokuwa mtu akilazimika kusema na mkwe. Saa kumi simu ikalia. Leonida akabonyeza.

"Shikamoo mama. Katika siku saba zilizopita, umemeza dawa siku ngapi? Sema namba."

Nikasimama nyuma ya ubao wa mlango, nikanena: "Ewe mwana wa watu, uliyekuja kwetu na ng'ombe wasio na kilema hata mmoja, ukamtunza Robi wangu bila kelele, sina ugomvi nawe, ila jambo unaloniuliza, mtu mzima hulijibu akiwa na wazee wenzake..."

"Samahani, sijaelewa. Sema namba."

Ndipo, kama jeshi litokalo ng'ambo ya mto, Machage mwenyewe akaingia uani, plau yetu aliyoiazima ikiwa begani.

"Karibu shemeji," akasema Leonida. "Simama hapo, usitamke neno. Mama, chungulia."

Nikaweka jicho kwenye ufa. Pale alisimama mkwe wangu, mdomo umefungwa kabisa. Na pale kigodani sauti yake ikaendelea bila yeye: "Samahani, sijasikia. Hii ni mara ya mwisho. Sema namba."

Nilifurahi kwa pumzi moja tu. Mkwe wa kigodani alikuwa amekufa, nikabaki na mkwe wa kweli, na masikio yake mawili. Na ulimi wangu ulitaka kusema saba, namba ya wenye sifa. Lakini wiki hiyo nilikwenda mjini Mugumu kwa dada siku tatu, na dawa zilibaki nyumbani kwenye msumari. Saba ingemdanganya Faudhia, kimya kingenipeleka foleni.

Machage akaniangalia kwa mgongo, kama impasavyo. Akatua plau, akaenda zizini, akaanza kumsimulia dume letu habari za mvua, kwa sauti kubwa, ili asisikie majibu yangu.

"Nne," nikasema.

"Asante. Miguu imevimba? Sema ndiyo au hapana."

"Ndiyo."

"Usiku unaamka mara ngapi kwenda haja ndogo? Sema namba."

Nikavuta kitenge mpaka puani. "Tano," nikatamka, na nadhani Nyangoto walisikia. Zizini dume likaendelea kupewa habari za mvua.

Jua halijazama, Faudhia akapiga mwenyewe. "Bibi, leo nimekusikia. Hiyo tano imenishtua. Ile dawa ya kutoa maji mwilini unaimeza saa ngapi?"

"Jioni, nikishiba."

"Nilisema asubuhi, bibi. Ndiyo inayokuamsha. Leo iache, uimeze kesho asubuhi, na usiruke siku tena. Jumatatu uje nikupime, halafu tuendelee kwa simu."

Andikeni basi, mnaojua kuandika kunishinda: siku hiyo Tabitha binti Heche alitamka namba mbili na ndiyo moja, na foleni ya zahanati ikapungua mtu.

Usiku ule, asema Leonida, nililala wa kwanza. Yeye ndiye hunisindikiza chooni mara zote tano, kwa hiyo alikaa kitandani na tochi mkononi akingoja nimwite. Akangoja. Akanisikia nikikoroma, akangoja tena kidogo, asije akadanganywa. Kisha akaisukuma tochi chini ya mto, naye akalala.