Leso ya Mama Mkwe

Leo nimejiaibisha sokoni Katito, jamani, na afadhali mlisikie kwangu. Kesho mnanisindikiza kwa kina Adhiambo, na huko mtalisikia kwa kila mtu.

Nilienda kuangalia njia tu, tusije tukapotea kesho na jogoo mkononi. Adhiambo alishamwambia mama yake kwamba mimi ni mtu mpole, mtu wa kanisa, maneno machache. (Msianze.) Huyo mama hajawahi kuniona. Kesho ndiyo anitazame, aseme ndiyo au hapana, na nikikosa Adhiambo sijui nitaishi vipi.

Kufika sokoni, nikasikia gitaa kavu. Mwimbaji amekaa kwenye kreti ya soda barazani pa duka, macho ameyafumba. Hana bendi, hana spika. Wimbo ameutunga mwenyewe, anamwimbia mkewe aliyefariki, anamwuliza ni nani sasa atamcheka akikosea kufunga vifungo vya shati. Nikashindwa kuondoka. (Ndiyo, nililia. Kidogo.)

Kando yangu palikuwa na mama mmoja kwenye kigoda, bakuli la karanga mapajani, machozi yanamtiririka. Akanisogezea karanga, nikala. Jua lilikuwa kali, akanipa leso yake nijifunike kichwa.

"Kijana, wewe pia umefiwa?"

"Hapana, Mama. Naoa."

"Hiyo pia inaliza mtu." Akajifuta macho. "Mimi tangu bwana yangu akufe, sijacheza."

Roho iliniuma. Hapo ndipo shetani akanipitia. Mnajua pakruok: anayetaka kujisifu anasimamisha wimbo, watu wananyamaza, anajimwaga, kisha gitaa linaendelea. Nikainua mkono.

"Simamisha hapo! Mimi Ouma wa Kombewa, simba wa Kondele, fundi wa baiskeli! Suruali yangu ya bugaluu inafagia barabara bure! Wasichana wa Kisumu wananiita Jumapili, kwa sababu wananingoja wiki nzima! Na huyu mama hatakaa akilia mimi nikiwa hai!"

Soko likashangilia. Nikafunga leso kiunoni, nikamshika mama mikono yote miwili, nikamwinua. Akacheza! Mabega yake yalikuwa hayajasahau kitu. Akacheka mpaka akashika mbavu. Nami kwa furaha nikashuka chini kabisa, na bugaluu ikapasuka nyuma. (Leso ilinisitiri. Mungu ni mwema.)

"Mama?"

Sauti hiyo naijua. Adhiambo amesimama na kikapu.

"Ouma? Unafanya nini na mama yangu?"

Jamani. Kwetu mkwe hamshiki mama mkwe mkono. Hali chakula mbele yake. Hata njiani anampisha kwa mbali. Mimi nimemaliza karanga zake na kumzungusha soko zima, tena baada ya kutangaza habari za wasichana wa Kisumu. Mama mtu akafunika uso kwa viganja. Mimi nikaruka nyuma ya magunia ya mahindi. Leso ningeirudishaje? Ndiyo iliyokuwa suruali yangu.

Nikalala pale chini nikijua Adhiambo ameniponyoka. Niliogopa kweli, sitanii. Mara nikasikia yule mama.

"Wewe wa gitaa, simamisha."

Kuongea na mimi hawezi. Aliongea na mwimbaji, soko zima likasikia.

"Mimi ni min Adhiambo, mama yake. Msichana yangu alisema ananiletea mtu mpole, haongei. Nilihuzunika, yawa. Kimya iko mingi kwa nyumba yangu. Sasa nimeona mtu mwenyewe. Huyo amejificha kwa mahindi, kesho akuje. Akuje na leso yangu. Na asijifanye mpole."

Gitaa likaendelea. Nililia tena, uso kwenye gunia, halafu nikatoka kwa nyuma kinyumenyume. Mwimbaji alikuwa ameshaniingiza kwenye ubeti, mimi na mahindi yangu, na huyo huzunguka masoko yote mpaka Kendu Bay.

Leso ile pale kwenye kamba, nimeifua. Basi msicheke. Niazimeni suruali.