Nguo Zangu Kwenye Nyumba ya Pembeni

Jumatatu, tarehe 3
Nimemaliza kupaka rangi nyumba ya pembeni, katika zile mpya anazouza bosi. Nzuri! Bafu liko ndani. Tulikopanga mimi na dada, mwenye nyumba anachungulia ndoo zetu za maji, anauliza kama tunaoga au tunafuga samaki. Mji mzima unatafuta nyumba za kununua, na zinazojengwa ni chache kama nywele za bosi. Bosi kasema nyumba moja ikikosa mteja mpaka mwisho wa mwezi, atampa fundi aliyeipaka rangi, amkate mshahara pole pole. Lazima ibaki hii! Mimi kuongea na watu siwezi. Kuangalia ndiyo kazi yangu.

Jumatano, tarehe 5
Mpango: mteja akiona nyumba ina watu, atapita. Nimeanika shati langu na gauni la dada mbele ya nyumba. Dada kauliza gauni liko wapi. Nimesema upepo. Kanitazama mpaka nikatoka nje.

Alhamisi, tarehe 6
Wamekuja mke na mume. Nikajificha nyuma ya mapipa. Mke kaona nguo, kamgeukia mume: wenzako wameshahamia, wewe bado unagongagonga ukuta! Wamechukua ya jirani papo hapo. Sawa tu. Siyo yangu.

Ijumaa, tarehe 7
Balaa! Yule mama kawaambia ndugu zake wote. Watu wamejaa, wanasukumana. Zimeisha zote. Imebaki yangu! Nimecheza peke yangu stoo.

Jumamosi, tarehe 8
Kaja nesi mstaafu. Kaniuliza kama humu kuna mtu. Nilitaka kusema yupo. Ulimi ukagoma. Nikasema, "Karibu, mama." Kakaribia. Kanunua. Kasifu rangi, kisha kaniomba nianue nguo zangu.

Jumapili, tarehe 9
Bosi kaniita. Nikajua kazi sina. Kumbe anacheka, kashika ukuta asianguke. Kauliza biashara hii ya kuanika nguo nimejifunzia wapi. Anaanza kuuza nyumba za upande wa pili, anataka mimi na dada tukae bure kwenye ya kwanza, wateja waone watu, mpaka iuzwe. Dada kaingia bafuni, kajifungia, kaimba nyimbo zote anazozijua.

Jumanne, tarehe 25
Tumehamia. Raha! Ila isiuzwe. Nimeshapata dawa: dada anakaanga vitunguu tangu asubuhi, milango wazi. Nani atake nyumba yenye harufu hiyo? Leo wateja wameingia wengi, wamevuta pumzi, wamekaa. Mmoja kaonja. Kesho anarudi na mkewe na mtu wa benki.
Wanakuja kulalamika, nawajua.